Jua, Leza na Sindano

Julai 1945 jua lilipatwa, na mwanafunzi mmoja wa udaktari nchini Ujerumani akalikodolea macho bila kinga. Mwanga ukamchoma retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Daktari Gerd Meyer-Schwickerath wa Hamburg alipolichunguza jicho lile aliona kovu dogo, akaanza kujiuliza kama mwanga ungeweza kuchoma pale tu anapotaka daktari. Mwaka 1949, akiwa juu ya paa la hospitali, alinasa miale ya jua kwa vioo na kuiingiza katika jicho la mgonjwa. Siku ya mawingu hakukuwa na tiba. Zikaja taa za ksenoni, kisha leza.

Walionufaika zaidi ni wagonjwa wa kisukari. Vijishipa vya retina vikiziba, sehemu zilizokosa oksijeni huchochea mishipa mipya, nayo ni dhaifu: huvuja, hupasuka, na makovu yake huibandua retina. Utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha mwaka 1976 kwamba kuchoma pembezoni mwa retina kwa leza hupunguza upotevu mkubwa wa uoni kwa nusu au zaidi. Mgonjwa alilipia kwa sehemu ya uoni wake wa pembeni na wa usiku, bei chungu, lakini ndiyo iliyookoa macho.

Ni nini kilichochochea mishipa ile? Isaac Michaelson alikisia tangu 1948 kwamba retina yenyewe hutoa kemikali fulani. Mwaka 1989, huko California, Napoleone Ferrara na wenzake waliitenga protini ya VEGF, inayochochea mishipa kuota, na miaka michache baadaye ikakutwa kwa wingi katika majimaji ya macho ya wagonjwa. Siri ya leza nayo ikafichuka: tishu iliyochomwa haidai tena oksijeni, na VEGF hupungua. Mwaka 2005, mjini Miami, Philip Rosenfeld alidunga jichoni bevacizumab, dawa ya saratani ya utumbo mpana inayozuia protini hiyo. Uvimbe wa retina ukapungua.

Sindano hufanya kazi haraka, ila nguvu yake huisha baada ya wiki chache. Leza huchelewa, lakini hudumu. Ndiyo maana madaktari wengi huzitumia pamoja: dawa hunyausha mishipa kwanza, leza ikafuata. Retina ikiwa imevimba katikati, leza inaweza kusubiri, kama majaribio ya 2010 yalivyoonyesha. Kwenye mishipa mipya mimi nisingeiita leza tiba ya zamani, hasa kwa mgonjwa anayeishi mbali na kliniki. Mwaka 2019 watafiti wa Philadelphia waliwafuatilia waliokatiza matibabu kwa zaidi ya miezi sita: retina zilizobanduka zilikuwa nyingi zaidi kwa waliopewa sindano peke yake.