Kumisi: moto upo, mwako haupo

Hilux ya zamani, ya petroli, inapanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa kuelekea uwanda wa Mbozi, imesheheni mpunga wa Kamsamba. Kule bondeni ilikuwa inakwenda bila shida. Mlima unapokaza inaanza kutetema, nguvu inakatika na kurudi, na kwenye bomba la moshi mlio unavunjika vunjika kama mtu anayesoma asichokielewa. Dereva akishafika Tunduma hana haja ya maelezo marefu. "Fundi, inamisi," na boneti inafunguliwa.

Neno hilo limekaa gereji zetu miaka mingi kiasi kwamba limeshachukua viambishi vyote: inamisi, imeanza kumisi, iliyokuwa ikimisi, misi yake haiishi. Asili yake ni neno la Kiingereza misfire, na Waingereza nao hawakulitunga kwa ajili ya magari. Tangu karne ya 18 walilitumia kwa bunduki iliyovutwa kifyatulio isilipuke. Injini ilipokuja ikarithi jina hilo, kwani nayo huishi kwa milipuko. Sisi tulipolichukua tukaacha nusu yenye "moto" tukabaki na nusu yenye "kukosa". Siku hizi vijana wana kumisi yao nyingine, ya kumkumbuka mpenzi aliye mbali, na utani wa "gari lako linammisi nani" umeshachakaa pale gereji. Lakini kazi ya neno haijaharibika. Linataja kile ambacho sikio limesikia, basi. Halisemi nini kimekosekana wala kwa nini.

Na hapo ndipo tafsiri inapoleta taabu, kwa sababu ukitaka kulieleza kwa Kiswahili kitupu lazima useme nini kimekosekana. Jibu la haraka ni "moto". Utasikia "silinda moja haipati moto", au "plagi haichomi", na wapo wanaoandika "kukosa moto" kama istilahi kamili. Inasikika vizuri. Tatizo ni kwamba kwa fundi umeme, na kwa fundi magari pia, moto ni umeme wenyewe. Waya una moto, betri haina moto, koili inatoa moto. Ukimwambia injini imekosa moto umeshampeleka kwenye plagi kabla hajasikiliza chochote. Mwenye gari atanunua plagi nne mpya na waya zake, na kesho yake pikapu itamisi vilevile.

Tazama kinachotokea ndani. Hilux nyingi za zamani zina injini ya 22R, silinda nne, kabureta na distributa. Kila silinda hupata zamu yake kwa mpangilio wa 1-3-4-2, mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inapaswa kuwaka mara 25 kwa sekunde. Ili zamu hiyo itimie vinatakiwa vitu vitatu kwa pamoja: mchanganyiko wa hewa na petroli ulio katika kipimo, mbano wa kutosha, na cheche inayofika kwa wakati wake. Kimoja kikipungua, pistoni inashuka bila kusukumwa. Zamu imepita bure. Hiyo ndiyo misi, na cheche ni theluthi tu ya habari.

Ndiyo maana fundi mzuri haanzi kwa kununua. Kwanza anatafuta ni silinda ipi. Injini ikiwa inaunguruma bila resi, anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa mpira, akiuweka karibu na bodi ya injini ili umeme upate pa kwenda. Akichomoa waya wa silinda nzima, mlio unadorora papo hapo. Akichomoa wa silinda mgonjwa, hakuna kinachobadilika: hapakuwa na kitu cha kupoteza. Wengine hunyunyizia maji matone mawili matatu kwenye shingo za manifodi ya moshi injini ikiwa imetoka tu kuwashwa. Shingo tatu zinayakausha mara moja, ya nne inabaki na unyevu.

Akishaipata, anahamisha. Plagi ya silinda ya tatu inakwenda ya pili, ya pili inakuja ya tatu. Misi ikihama na plagi, kesi imekwisha kwa bei ya plagi moja. Isipohama, anahamisha waya. Isipohama tena, anafungua kifuniko cha distributa na kukiinamia juani kutafuta ufa mwembamba au mstari mweusi wa kaboni, kwa maana umeme hupenda njia hiyo kuliko ile tuliyoutengenezea. Asubuhi za ukungu Mbozi, kifuniko chenye ufa kikipata unyevu humisi mpaka jua litoke, halafu mwenye gari anafika gereji saa tano akiwa na gari zima na maelezo yasiyoaminika.

Sasa lipo zoezi moja linalopendwa sana na ambalo, kwa maoni yangu, limewadanganya watu wengi. Plagi inafunguliwa, inalazwa juu ya injini, stata inapigwa, cheche ya bluu inaonekana. "Umeona mwenyewe, bosi, moto upo." Upo kweli, lakini upo nje. Hewa iliyobanwa ndani ya silinda inahitaji umeme wenye nguvu kubwa zaidi kuivuka kuliko hewa ya kawaida, na resi ikikandamizwa mlimani silinda hujaa zaidi na mbano huongezeka. Koili iliyochoka, au plagi ambayo nafasi yake imelika kupita milimita 0.8 za 22R, inaweza kurusha cheche nzuri mezani na kushindwa kwenye mlima wa Senjele. Dereva anasema inamisi mlimani tu, fundi anasema moto upo, na wote wawili wanasema kweli.

Kuna sababu nyingine za mlimani ambazo hazigusi umeme kabisa. Kwenye mita 1,500 hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 14 kuliko usawa wa bahari. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli ileile, na mchanganyiko unakuwa mzito. Plagi ikifunguliwa ina masizi makavu meusi, na masizi hupitisha umeme, kwa hiyo cheche inateleza pembeni badala ya kuruka. Safisha plagi, gari litapona siku chache tu, kwa sababu ugonjwa uko kwenye kabureta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta masizi yanayofanana na hayo, tena pamoja na mlio wa kugonga. Uchakachuaji huo ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Anayenunua petroli ya dumu kando ya barabara bado anacheza bahati nasibu.

Misi inayosikika bila resi na kupotea ukikanyaga mafuta mara nyingi ni hewa inayoingia kwa wizi, kupitia mpira uliopasuka wa vakyumu au ule wa busta ya breki. Silinda mbili jirani zikifa pamoja, pima kompresheni kabla ya kugusa kingine: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao.

Baada ya yote hayo, istilahi ipi? Mimi nachagua kukosa mwako. Mwako tunao tayari katika Kiswahili cha sayansi, na injini hizi huitwa injini za mwako wa ndani. Faida yake ni kwamba mwako ni matokeo, si kiungo kimojawapo. Ukisema silinda imekosa mwako hujamshtaki yeyote: plagi, kabureta na valvu vyote bado ni washukiwa. Kinachonisumbua ni kwamba "kukosa" kunaweza kusikika kama hali ya kudumu, ilhali misi nyingi huja na kuondoka, kwa hiyo katika vitabu vya mafunzo ningependa kuona "kukosa mwako kwa vipindi" pale inapobidi. Gereji ibaki na kumisi. Neno fupi linalopigiwa kelele katikati ya milio ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde haliwezi kuondolewa na kamati.

Wapo watakaosema natafuta ubishi bure, kukosa moto kunatosha. Basi waende kwenye pikapu ya dizeli, kwa mfano Hilux ya injini ya 2L. Hiyo haina plagi za cheche, ina plagi za kupasha joto tu wakati wa kuwasha. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Nayo inamisi. Hapo fundi hachomoi waya, analegeza kidogo nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiunguruma, macho na mikono akiiweka mbali kwa sababu dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi. Ile nati ambayo akiilegeza mlio haubadiliki ndiyo ya silinda iliyokosa mwako, na kazi inayofuata ni kuifungua nozeli yake ikapimwe.