Lango la Shule Nakuru: Nani Anaingia, na Akiingia Anaruhusiwa Kusema Nini?

Kila Januari stegi za matatu hapa Nakuru hujaa masanduku ya bati na magodoro yaliyofungwa kamba. Mzazi mmoja anaulizia gari la Eldoret, mwingine la Kisii, na mtoto amesimama kando na sare ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Tumezoea. Lakini hebu tujiulize: nani aliamua kwamba mtoto huyu aende shule yenye maabara tatu na basi lake, na jirani yake wa Kaptembwa, waliokaa dawati moja tangu gredi ya kwanza, abaki shule ya kutwa ambayo maabara yake ni meza mbili na sinki isiyo na maji?

Mtandaoni watu hujibu haraka: ni alama. Aliyetia bidii ameenda, aliyecheza amebaki. Mimi nasema hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye historia, na historia ya shule zetu ni historia ya lango. Nani anaruhusiwa kuingia, na akishaingia, anaruhusiwa kujifunza nini na kusema nini.

Tuanzie mwanzo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka minne baadaye, 1904, mahali hapa pakatangazwa kuwa mji. Masetla wakaja na kugawiwa mashamba, Lord Delamere akachukua ekari 100,000 kule Njoro, na eneo hili likawa katikati ya nyanda walizojitengea Wazungu. Serikali ya kikoloni ikapanga elimu vile vile ilivyopanga ardhi na mitaa: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake.

Hapa mjini palikuwa na Nakuru School, shule ya serikali ya watoto wa Wazungu. Ndiyo hii leo tunaiita Nakuru High School, au Nakuru Boys tukiongea kimtaa. Gilgil kulikuwa na Pembroke House tangu 1927. Kule Turi, karibu na Molo, St Andrew's ilianza 1931. Halafu 1939 Lord Egerton akatoa ekari 740 Njoro kuanzisha shule ya kilimo ya kufunza vijana wa Kizungu kuendesha mashamba. Hicho ndicho chuo ambacho leo ni Egerton University. Mlango wa Egerton ulikuja kufunguliwa kwa watu wa rangi zote baadaye, baada ya kuwa chuo cha diploma.

Sasa fikiria ramani. Gilgil, Nakuru, Njoro, Turi. Shule nne kwenye barabara ambayo leo unaimaliza kabla ya chakula cha mchana, na zote zilijengwa kwa ajili ya watoto wa watu wachache sana. Waliokuwa wengi kwenye mashamba hayo walikuwa nani? Ni maskwota. Watu walioruhusiwa kulima kipande na kulisha mbuzi wachache, mradi wamfanyie setla kazi. Mwanzoni ilikuwa siku 180 kwa mwaka, baadaye kuna mashamba zilipanda hadi 270. Watoto pia walihesabiwa kama mikono ya kazi. Pareto haichumwi na upepo.

Hao wazazi hawakukaa kungoja, na hapa ndipo mimi hupata fahari. Maskwota wengi, hasa Wakikuyu, walichanga senti na kujenga shule zao huru, zisizo za misheni wala za serikali. Olenguruone, ambayo iko kaunti hii yetu, ilianzishwa 1941 kama makazi ya watu walioondolewa kwingine, na shule huru ilikuwa sehemu ya maisha yao mapya. Kisha wakafurushwa kwa kukataa masharti ya serikali. Ilipofika Oktoba 1952 na hali ya hatari kutangazwa, shule huru za Wakikuyu zikaanza kufungwa. Yaani mzazi alijenga lango kwa mikono yake, serikali ikaja na kufuli.

Na hata mahali Mwafrika aliruhusiwa kusoma, swali lilikuwa asome nini. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza elimu "inayomfaa" Mwafrika: kilimo, useremala, usafi. Hakuna ubaya na useremala, fundi mzuri ni mtu wa maana. Ubaya ni pale mtu mwingine anapokaa mbali na kuamua kwamba mtoto wako atashika msumeno na wa kwake atashika sheria.

Daniel arap Moi alizaliwa Sacho, Baringo, mwaka 1924. Kusoma kulimtoa nyumbani hadi Kapsabet, kwenye shule ya serikali ya Waafrika, halafu akaenda Tambach kusomea ualimu kati ya 1945 na 1947. Watoto wa masetla walisoma karibu na mashamba ya baba zao. Yeye alisoma alikopata. Shikilia jina hilo, tutalirudia.

Uhuru ulipokuja 1963, nchi nzima ilikuwa na shule za upili 151 tu, na wanafunzi kama 30,000. Tume ya Simeon Ominde, ambayo ripoti yake ya kwanza ilitoka 1964, ikasema mfumo wa rangi uishe na elimu iwe moja ya kitaifa. Zile shule za Wazungu na Wahindi zikaanza kupokea kila mtu. Ukiwauliza wazee waliosoma miaka hiyo, watakwambia ilikuwa jambo kubwa sana kuingia bweni ambalo zamani mama yako angeruhusiwa kuingia tu akiwa amebeba ndoo ya kusugua sakafu.

Lakini angalia kwa makini kilichobaki. Rangi iliondoka langoni, majengo yakabaki. Shule iliyoachiwa viwanja, mabweni na maabara iliendelea kuwa na viwanja, mabweni na maabara. Wananchi wengine waliambiwa wajenge kwa harambee, na walijenga kweli: darasa moja la mawe, lingine la mabati, mwalimu mmoja wa hisabati kwa vidato vyote. Hizo ni aina mbili za shule zikifanya mtihani mmoja. Mmoja anaanza mbio akiwa Section 58, mwingine akiwa Salgaa, halafu tunashangaa nani amefika uwanja wa Afraha kwanza.

Mwaka 1985 Moi, sasa akiwa rais, alileta 8-4-4. Nia yake ilikuwa mtoto ajue kazi za mikono pamoja na vitabu. Wazazi wakatozwa pesa za karakana na vyumba vya sayansi-kimu. Shule zenye nguvu zikajenga, shule za kijijini zikafunza useremala ubaoni kwa chaki. KCSE ya kwanza ikafanywa 1989, na tangu hapo kila mwaka tunasoma majina ya shule zile zile juu ya orodha, kana kwamba akili hugawanywa kwa anwani ya posta. Na Moi, yule kijana aliyelazimika kwenda mbali kutafuta darasa, alikuwa amejenga shule yake hapa Kabarak tangu 1979. Shule nzuri, hakuna anayekataa. Ila ya kibinafsi. Lango lilikuwa na bei.

Tusiwe watu wa kulaumu tu, kuna hatua zilipigwa. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia karo ya masomo kwenye shule za kutwa, shilingi 10,265 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mwaka 2018 ikapandisha hadi 22,244. Mwaka huo huo wakasema kila anayemaliza msingi aingie kidato cha kwanza. Watoto wengi wa Rhonda, Free Area na Bahati ambao wangeishia kuuza mitumba walipata nafasi. Hilo ni jema na lisemwe. Lakini pesa hizo huchelewa, na madarasa hayakuongezeka kwa kasi ya watoto.

Sasa tumefika 2026 na gredi ya 10. Zaidi ya watoto milioni moja walifanya mtihani wa gredi ya 9 mwaka jana, na Januari kundi la kwanza likaingia shule za sekondari ya juu. Kuna njia tatu za masomo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Kwenye karatasi inapendeza sana. Lakini shule zimewekwa madaraja kuanzia C1, ambazo ni zile zilizokuwa za kitaifa kama Nakuru Boys na Nakuru Girls, hadi C4, ambazo kwa wengi ni ile ya kutwa ya mtaani. Karo ya bweni kwa shule za kitaifa zilizo kwenye miji kama Nakuru ni shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla hujanunua godoro. Ndiyo maana wazazi wengi, watoto wao walipopangwa mbali, waliomba wabadilishiwe shule. Mtoto alipita. Mfuko wa mama ndio ulifeli.

Na shule nyingi ndogo haziwezi kutoa njia zote tatu. Kwa hivyo mtoto wa mtaani mwenye kipaji cha kuigiza au kuchora anaweza kujikuta kwenye shule isiyo na mwalimu hata mmoja wa sanaa. Hii si 1924, lakini swali ni lile lile: nani anaamua mtoto wa nani ajifunze nini?

Tukitaja kuigiza, hatuwezi kuruka kilichotokea hapa kwetu Aprili 2025.

Tamasha la drama la shule Kenya lilianza 1959, wakati wa mkoloni, na mwanzoni lilikuwa jukwaa la michezo ya Kiingereza. Waafrika walilichukua wakalifanya lao: mashairi, ngoma, korasi, michezo ya Kiswahili. Kwa wanafunzi wengi, kilabu cha drama ndicho mahali pa kwanza mtu mzima anakaa kimya akimsikiliza kijana wa miaka 16. Serikali pia inajua hivyo. Mwaka 2013 mchezo wa Butere Girls, "Shackles of Doom", ulizuiwa, na mahakama ikaamuru waruhusiwe. Mwaka 2025 shule ile ile, mwandishi yule yule Cleophas Malala, na mchezo mwingine, "Echoes of War", unaohusu vijana na watawala. Ukaondolewa mashindanoni. Mahakama Kuu ikaamuru uigizwe.

Fainali zilikuwa Nakuru. Usiku wa Aprili 9 Malala akakamatwa alipokuwa akienda kuwaona wasichana. Polisi wakawa wengi Kirobon, moshi wa machozi ukapaa karibu na uwanja wa shule. Asubuhi ya Aprili 10 wale wasichana wakapanda jukwaani bila mwelekezi, bila vifaa. Wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaenda zao.

Wacha siasa za Malala kando, mpende au umchukie. Mimi ninachoona ni wasichana waliokuwa wameshapita lango la kwanza. Walikuwa na sare, walikuwa na shule yenye jina, walikuwa na amri ya korti mkononi. Wakakuta kuna lango la pili, la sauti. Na hilo lilifungwa hapa Nakuru, mji ambao wazee wetu walifungiwa lile la kwanza.

Sasa tufanye nini? Kwanza, tujue tunamdai nani. Shule za upili ni kazi ya serikali ya kitaifa. MCA wako anaweza kusaidia na basari, lakini kisheria kaunti imepewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Madarasa na maabara muulize mbunge na hela za CDF, na umuulize ukiwa na namba: shule ya kutwa ya kwenu ina maabara ngapi, walimu wangapi wa sayansi, na njia ngapi za masomo.

Pili, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaweka wawakilishi sita wa wazazi kwenye bodi ya shule, na pia nafasi ya mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Wazazi wengi wa shule za kutwa hawajui hata jina la mwenyekiti wa bodi. Mkutano ukiitwa, enda. Kama huendi, usije kulia Januari.

Tatu, tuache kuwaambia watoto kwamba shule ya kutwa ni ya walioshindwa. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na elimu hiyo inafika hadi sekondari. Haikuandikwa "kila mtoto wa C1". Shule ya Rhonda ikipewa maabara na mwalimu wa drama, mtoto wa Rhonda hana haja ya kubeba sanduku kwenda kutafuta bahati mbali.

Mkoloni alifunga lango kwa rangi, na kila mtu aliona. Siku hizi linafungwa kwa karo, kwa daraja la shule, na mara nyingine kwa polisi, na sisi tunaita bahati. Watu wangu wa Nax, shule iliyo karibu na kwenu ikoje? Umewahi kuingia ndani ukaangalia, ama unapita tu ukielekea stegi?