Madhara ya virusi vya mbu kwa ubongo na neva

Madhara ya virusi vya mbu kwa ubongo na neva ni matatizo yanayotokea pale ambapo virusi vinavyoenezwa na mbu vinaathiri ubongo, uti wa mgongo au neva. Miongoni mwake ni uvimbe wa ubongo au wa utando wake, degedege, kupooza na, kwa watoto walioambukizwa wakiwa tumboni, kichwa kidogo kupita kiasi. Hupata wachache kati ya walioambukizwa, lakini huweza kuua au kuacha ulemavu.

Historia katika eneo la Ziwa Viktoria

Baadhi ya virusi hivyo viligunduliwa Uganda. Vile vya Naili Magharibi vilipatikana mwaka 1937 katika damu ya mwanamke wa Omogo. Watu wapatao 8 kati ya 10 wanaoviambukizwa hawaoni dalili yoyote. Takriban 1 kati ya 150 hupatwa na ugonjwa mkali wa ubongo au neva.

Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, pwani ya ziwa. Kwa miongo mingi vilihesabiwa kuwa chanzo cha homa nyepesi tu. Ni baada ya milipuko ya Polinesia ya Kifaransa (2013-2014) na Brazil (2015) kwamba uhusiano wake na kupooza (ugonjwa wa Guillain-Barré) na vichwa vidogo vya watoto ulitambuliwa.

Kwa Tanzania, mfano mzito zaidi ni homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa 2007 ulifikia mikoa 10, Mwanza ukiwemo, ingawa Dodoma iliumia zaidi. Waliripotiwa wagonjwa 309, na 144 kati yao walifariki. Binadamu huambukizwa pia kwa kugusa damu ya mifugo wagonjwa. Uvimbe wa ubongo huanza wiki 1 hadi 4 baada ya dalili za kwanza, yaani wakati familia inadhani mgonjwa amepona.

Utambuzi

Huku Kanda ya Ziwa malaria ni ya kawaida, hivyo homa yenye degedege hudhaniwa mara moja kuwa malaria. Hata kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, hakiondoi uwezekano wa ugonjwa mwingine, kwa sababu wakazi wengi hubeba vimelea bila kuumwa. Maji ya uti wa mgongo hupimwa ili kutambua maambukizi ya bakteria, yanayotibika kwa antibiotiki. Virusi vyenyewe huhitaji maabara maalumu.

Baadhi ya familia huhusisha degedege na mashetani na kuanzia kwa mganga. Saa zinazopotea ni hatari, chanzo kiwe virusi au malaria.

Tiba na kinga

Hakuna dawa maalumu ya kuua virusi hivyo. Hospitali hutuliza degedege, husaidia upumuaji na lishe. Chandarua huzuia mbu wa usiku, lakini Aedes, aenezaye Zika, dengue na chikungunya, huuma mchana na huzaliana katika ndoo, matairi na madumu yenye maji. Mawingu ya wadudu wadogo yanayoinuka ziwani, ingawa hufanana na mbu, hayaumi.