Bustani ya Al-Azhar

Bustani ya Al-Azhar ni bustani ya umma yenye ukubwa wa takriban hekta 30 jijini Cairo, Misri, kaskazini mwa ngome ya Salahuddin iliyoanza kujengwa mwaka 1176. Ilifunguliwa mwaka 2005 kwa ufadhili wa Aga Khan, juu ya jaa la Darassa lililorundikwa taka na vifusi kwa karne nyingi. Umuhimu wake mkubwa ni kuonyesha kwamba kuwapa watu pahali pa kupumzika na kuhifadhi mambo ya kale ni kazi moja: kifusi kilipoondolewa upande wa magharibi, ukafichuka ukuta wa mji wa karne ya 12, pamoja na minara yake, uliokuwa umefukiwa.

Wapo wanaosema fedha hizo zingewafaa zaidi maskini wa Darb al-Ahmar, mtaa unaopakana na ukuta huo. Hoja hiyo ina uzito, lakini mradi uligusa pia ukarabati wa nyumba, mikopo midogo na mafunzo ya useremala na uashi. Kinachobaki kutazamwa kwa makini ni kiingilio, kwa kuwa urithi huu ni wa wakazi kabla ya kuwa wa watalii.