Arksini ya 2 na Ugomvi wa Logi

Wasomaji, leo naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo.

Wiki jana mteja alinipigia simu alfajiri. Ripoti ya magari yake ilikuwa na mistari kadhaa ya NaN, yaani "si namba", palipotakiwa kuwa na kilomita. Programu ni yangu. Hupima umbali kati ya vituo viwili kwa kutafuta pembe kutoka kwa kosini yake. Gari lililolala pale pale lilinipa kosini ya 1.0000000000000002, kosa dogo tu la kukadiria desimali, na kompyuta ikagoma: hakuna pembe yenye kosini inayozidi 1.

Nilirekebisha kwa mstari mmoja: kinachozidi 1 kihesabiwe 1. Lakini swali lilinikaa, maana ukiiuliza Python kupitia maktaba yake ya namba changamano, jibu lipo. Nani alilichagua?

Mwaka 1702 Johann Bernoulli wa Basel alionyesha kwamba arktanjenti inaweza kugeuzwa kuwa logi, ukikubali kutumia i, kipeuo cha pili cha -1. Arksini nayo ni hivyo hivyo: arksini ya x ni -i·log(ix + √(1-x²)). Weka 2 hapo. Utapata kipeuo cha -3, basi, hesabu inaendelea. Tatizo lote limehamia kwenye logi.

Na logi ilikuwa na fujo zake. Mwaka 1712 na 1713 Bernoulli na Leibniz walibishana kwa barua kuhusu logi za namba hasi. Bernoulli alishikilia kuwa logi ya -x ni ile ile ya x. Si miraba yao ni sawa? Leibniz akasema logi hiyo haiwezekani, ni ya kufikirika tu. Leibniz alikufa 1716 bila wao kuafikiana. Aliyekata kesi ni Leonhard Euler, mwanafunzi wa Bernoulli mwenyewe, katika makala yake ya 1749 kwa Akademia ya Berlin. Kosa lao wote wawili lilikuwa kudhani kila namba ina logi moja. Zipo zisizo na mwisho, zikipishana kwa 2πi. Logi ya -1 ni πi, pia 3πi, pia -πi.

Kwa Euler hilo lilitosha. Kwa sisi watu wa programu ndiyo balaa, kwa sababu fanksheni lazima irudishe jibu moja. Paul Penfield alipendekeza kanuni za kuchagua mwaka 1981 kwa ajili ya lugha ya APL, na Common Lisp ikazifuata. Mwaka 1987 William Kahan, baba wa kiwango cha IEEE 754, akaongeza jambo ambalo mimi nililidharau miaka yote: alama ya sifuri. Jaribuni katika Python. cmath.asin(complex(2, 0.0)) hutoa takriban 1.5708+1.3170j. Andika -0.0 badala yake, upate 1.5708-1.3170j. Sini ya zote mbili ni 2.

Kwa udadisi nililipitisha gari la mteja humo humo. Pembe ikatoka takriban 0.00000002 mara i. Zidisha kwa nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371. Gari lilisafiri sentimita 13 za kufikirika. Mteja sijamwambia.