Spika ya Studio Inapoingia Nyumbani: Historia ya Chombo na Tatizo la Jina

Miongoni mwa vyombo vya umeme vilivyoenea nchini, spika ni kimoja ambacho istilahi zake hazijatulia. Wengi hukiita kipaza sauti, na jina hilohilo hulitumia kwa maikrofoni. Mathalani, mwalimu wa Rusimbi, mjini Kigoma, akiandika barua kuagiza “vipaza sauti viwili”, mwenye duka aweza kumpelekea maikrofoni mbili, hali yeye alihitaji spika za ukumbini. Fedha ya shule imekwisha kutumika, na wazazi walioketi nyuma hawatasikia neno.

Tatizo huzidi tufikapo kwenye spika maalumu ya mafundi wa kurekodi, ile ambayo baadaye ilihamia majumbani. Ili tuipe jina linaloifaa, hatuna budi kuitazama historia yake.

Spika tuijuayo ina asili yake mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani walipoeleza namna ya kutikisa koni ya karatasi kwa koili iliyowekwa penye nguvu za sumaku. Studio nazo zilihitaji chombo cha kumwezesha fundi mitambo kukagua anachokirekodi: mkwaruzo wa waya, ala iliyopotoka, pumzi ya mwimbaji. Spika ya namna hiyo haikukusudiwa kupendeza sikio, bali kutoficha kitu.

Hata hivyo, haikukaa studioni peke yake. Mwaka 1947 kampuni ya Tannoy ya Uingereza ilitoa spika ya Dual Concentric, ambamo kitoa sauti nyembamba kimewekwa katikati ya kitoa sauti nene. Ikatumika studioni na majumbani pia. Nchini Marekani, JBL ilitoa spika ya studio iitwayo 4310 mwaka 1968, na mwaka 1970 ikaigeuza kuwa L100 ya nyumbani, ikalipamba kasha lake kwa mbao na uso wa sponji wa rangi. Njia ya kurudi nayo ilikuwapo. B&W 801, iliyotolewa Uingereza mwaka 1979, ni spika kubwa ya kusimama sakafuni iliyowavutia wenye uwezo kwa sebule zao; katika miaka ya 1980 studio za Abbey Road za London zikaitumia kazini.

Hapa kwetu tofauti ya kazi ilikuwapo vilevile. Bendi nyingi za miaka ya 1970 zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Fundi mitambo aliusikiliza wimbo ili aukosoe. Msikilizaji wa Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, aliupokea kwa spika ndogo ya redio ya betri ili aburudike. Wimbo ulikuwa mmoja, bali kazi ya spika hizo mbili haikuwa moja.

Kwa hiyo jina linalotaja mahali, yaani “spika ya studio”, huwa la uongo mara chombo kinapovuka mlango. “Monita” nalo lina kasoro: darasani monita ni kiongozi wa wanafunzi, na kwenye kompyuta ni kioo cha kuonyesha maandishi. Neno spika lenyewe lina mwenziwe bungeni, lakini hapo sarufi hutuokoa: Spika wa Bunge amesimama, spika ya redio imesimama.

Makala haya yanapendekeza majina yafuate kazi. Kinachopokea sauti ya msemaji kiitwe maikrofoni, kinachoiongezea nguvu, kikuza sauti, kinachoitoa, spika. Kipaza sauti kibaki katika mazungumzo ya kila siku, lakini kisitumike katika hati za manunuzi wala vitabu vya mafunzo. Ile ya kukosolea iitwe spika ya ukaguzi, na ya kuburudisha spika ya usikilizaji. Umbo litajwe baada ya kazi: spika ya ukaguzi ya sakafuni. Jina hilo ni refu, nasi hatukatai. Lakini mfasiri akilitumia, msomaji atajua chombo kilitengenezwa kwa kazi gani, hata akikikuta sebuleni.