Migongano ya aya za Biblia kuhusu uongozi wa Mungu

Migongano ya aya kuhusu uongozi wa Mungu ni sehemu za Biblia ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kumwelekeza mtu njia mbili zinazopingana: aombe ishara au asiombe, aende au abaki. Wafafanuzi wengi huona kwamba chanzo kikubwa cha migongano hiyo ni neno aliloambiwa mtu mmoja, kwa wakati wake, kufanywa kanuni ya watu wote. Mjini Songea, mkoani Ruvuma, suala hili linagusa pia historia ya Vita vya Majimaji, vya kuupinga utawala wa Wajerumani.

Mifano

Gideoni alianika ngozi ya kondoo uwanjani. Usiku wa kwanza alitaka umande uiloweshe ngozi na ardhi ibaki kavu. Usiku wa pili alitaka kinyume chake. Akapewa yote mawili (Waamuzi 6:36–40). Hata hivyo, Kumbukumbu la Torati 6:16 inakataza kumjaribu Mungu. Mfalme Ahazi alipokataa kuomba ishara kwa hoja hiyohiyo, nabii alimkemea (Isaya 7:10–13).

Balaamu aliruhusiwa kuwafuata wajumbe wa Balaki (Hesabu 22:20), lakini aya mbili mbele hasira ya Mungu inawaka kwa sababu amekwenda. Paulo naye alisafiri kwenda Yerusalemu akisukumwa na Roho (Matendo 20:22). Alipofika Tiro, wanafunzi wakamwambia, kwa Roho, asiende (21:4).

Sauli alimwuliza Bwana, asijibiwe (1 Samweli 28:6). Katika 1 Mambo ya Nyakati 10:14 analaumiwa kwa kutomwuliza.

Ufafanuzi

Baadhi ya migongano hupungua lugha ya asili ikichunguzwa. Katika habari za Sauli, Kiebrania kina vitenzi viwili: shaal, kuuliza, na darash, kutafuta kwa bidii. Kwa hiyo huelezwa kwamba Sauli aliuliza kwa kinywa bila kumtafuta Mungu kwa moyo.

Njia nyingine ni kutazama aina ya maandishi. Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu kwa upumbavu wake. Aya inayofuata inaagiza ajibiwe. Msomaji wa Kiswahili hashangai, kwa kuwa amelelewa na “haraka haraka haina baraka” pamoja na “ngoja ngoja huumiza matumbo”. Kila methali ina mahali pake, na hekima ni kujua ipi isemwe lini. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum, uliwataka wafafanuzi kuzingatia aina za maandishi na nia ya mwandishi.

Habari ya Paulo haifunguki kwa urahisi huo. Maelezo ya kawaida ni kwamba Roho aliwafunulia wanafunzi hatari iliyo mbele, nao kwa upendo wakahitimisha kwamba asiende. Lakini Luka, mwandishi wa Matendo, hatenganishi ufunuo na ushauri wao.

Songea na ahadi ya ulinzi

Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, mmisionari Mbenediktini, aliuawa na wapiganaji wa Majimaji karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa njiani kwenda Peramiho, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898 magharibi mwa Songea. Wapiganaji hao walikuwa wameahidiwa kwamba dawa ya maji ingeshinda risasi za Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni na wapiganaji wao walinyongwa Songea. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kufa. Makumbusho ya Majimaji yako mjini humo, na kumbukumbu yao hufanyika kila Februari.

Pande zote mbili zilikuwa na neno la ulinzi. Kwa Mkristo, swali linaangukia Zaburi 91, inayoahidi kwamba malaika watamlinda mwenye kumtumaini Mungu, ilhali Paulo aliambiwa na Roho yuleyule kwamba vifungo vinamngoja (Matendo 20:23). Injili yenyewe inagusa mgongano huu: katika Mathayo 4:6 anayeinukuu Zaburi 91 ni Ibilisi, akimtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Yesu haikanushi zaburi. Anamjibu kwa lile katazo la Kumbukumbu la Torati 6:16. Hapo ahadi inabaki kuwa ahadi, na kinachokataliwa ni kuigeuza hirizi.